Nyumba Iliyorukwa

"Nyumba yangu mmeiruka mara ya pili, kama watu wanaoruka dimbwi," Laurencia alisema, na wala hakujisumbua kuinuka. "Mwenyekiti, isome tena hiyo ratiba yako. Labda macho yamekudanganya."

Macho ya Happy, mwenyekiti wa jumuiya, yalikuwa mazima. Sala ya Jumamosi ilikuwa imekwisha kwa mwalimu Valence, nyuma ya soko la Kilindoni, na kila mtu alijua kwamba ikitoka kwa Valence zamu huenda kwa Laurencia. Nyumba kumi na mbili, Jumamosi kumi na mbili, kisha mzunguko unaanza upya. Happy alikuwa amesoma kwamba wiki ijayo ni kwa nesi, nyumba inayofuata baada ya Laurencia.

Akajibu kwa upole kwamba walimwona mama ana mzigo wa kutosha, ana mgonjwa ndani.

"Na nani kawaambia mzigo wangu hupunguzwa kwa kuninyima sala? Kiharusi hakiambukizi kwa kukaa mkeka mmoja. Au mnaogopa vumbi la kwangu litawachafulia magauni ya ofisini?"

Watu wakaangalia vidole vya miguu yao. Happy akaikunja ile karatasi mara nne. "Nisamehe, mama," akasema, basi. Laurencia aliondoka bila kugusa chai, na chai ya Valence si ya kuachwa.

Hasira ile haikuzaliwa pale. Yeye na mumewe Kassian walitoka Songea miaka kumi na sita iliyopita, wamebeba mtoto mmoja, Furaha, na sanduku moja la zana za useremala. Mabenchi yote ya kanisa la kigango ni kazi ya Kassian, na besi ya kwaya ilikuwa sauti yake. Miezi saba nyuma alianguka karakanani. Alipoinuliwa, upande wa kulia ulikuwa umelala, mdomo umepinda, maneno yanatoka moja moja kama watu wanaopita mlango mwembamba.

Tangu siku hiyo Laurencia akawa mume, mke na muuguzi wa nyumba ile. Alfajiri anawasha jiko, anakaanga vitumbua vya kuuza kwenye kijiwe cha bodaboda, na saa yake ni rozari: Salamu Maria tano upande wa chini, anageuza, tano upande wa juu. Hajatokea mteja wa kurudisha kitumbua kibichi. Waliokuja kumhurumia aliwakaribisha. Waliokuja kulia aliwapa kisu na vitunguu, ili machozi yao yawe na kazi.

Kilichomuuma kilitoka kwa jirani, Mwanaharusi, tena bila ubaya wowote. Mama yake Mwanaharusi alipougua, kisomo hakikukatika pale kwao. Watu walisoma mpaka wengine wakakaa barazani. Sasa wiki moja kabla ya ule ugomvi akamwuliza Laurencia, wanachambua dagaa, "Shoga, kwani nyinyi mgonjwa wenu hasomewi? Mbona nyumba kimya?" Laurencia akajibu kwa kichwa kilichoinuka kwamba wanakuja, zamu yake imefika. Na ndipo akarukwa.

Alifika nyumbani akamsimulia Kassian yote, neno kwa neno, na yale ya magauni akayarudia maana yalimpendeza. Kassian alikuwa amelala kitandani karibu na dirisha. Hakucheka.

"Mimi," akasema.

"Wewe nini? Maji?"

"Mimi... nilimwambia."

Ilichukua muda kulitoa lote. Happy alikuwa amemsindikiza katekista kumletea Kassian komunyo, siku Laurencia yuko kijiweni. Kassian akamwomba Happy asiwalete watu wa jumuiya. Mate yanamtoka bila yeye kujua, na wale watu wanamkumbuka amesimama mbele ya kwaya. Akamwomba pia asimwambie Laurencia. Na Happy hakusema. Alitukanwa mbele ya jumuiya nzima, jibu analo mdomoni, akalimeza.

Laurencia akaenda kukaa kizingitini. Alikuwa na hasira na mumewe, na aibu kwa ajili ya mwenyekiti. Aliporudi ndani sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Kassian, hao watu wanakalia mabenchi yako kila Jumapili. Leo unawaficha mkono uliowatengenezea?"

Kassian akageuza uso ukutani.

"Mate yako nayafuta kwa khanga yangu, na khanga hiyo naifua, naianika, naivaa. Sijawahi kuona haya. Lakini nisikilize. Rozari ni ya watu wawili. Mimi nilikuwa naanza Salamu Maria, wewe unajibu Maria Mtakatifu. Miaka yote hiyo. Sasa miezi saba naanza mwenyewe, najibu mwenyewe, kama mwehu anayejipigia hodi. Kazi ya kukuuguza siichoki, mume wangu. Kusali peke yangu ndiko kunakonichosha. Nataka mtu wa kunijibu."

Uso wa Kassian ulibaki ukutani. Kisha mkono wa kushoto, ule mzima, ukamtafuta, ukashika upindo wa khanga.

"Waje," akasema.

Nesi alipoombwa akaachia zamu yake bila maneno. Jumamosi Mwanaharusi alileta mikeka minne ya ukindu aliyoisuka mwenyewe, akaitandika, kisha akakaa uani karibu na birika la chai. Alisema wao wasali, moto wamwachie yeye. Nyumba zote kumi na moja zilikuja, mpaka viatu vikajaa kibarazani, na Laurencia alihakikisha njia nzima inaviona. Kassian alikalishwa na mito, shati jeupe limepigwa pasi.

Happy ndiye aliyeongoza rozari. Alianza, watu wakajibu kwa pamoja, wakamaliza. Ndipo ikasikika sauti ya Kassian, nyuma kabisa, bado iko katikati, "...utuombee... sisi... wakosefu..." Watu wakatazamana. Happy hakuanza Salamu Maria nyingine. Alishika punje ya rozari kidoleni akangoja, mpaka Kassian akafika kwenye Amina yake mwenyewe. Akaanza ya pili, akangoja tena. Punje kwa punje, akangoja. Mate yalitoka, Laurencia akayafuta, na hakuna aliyeangalia pembeni. Kufikia fumbo la tatu jumuiya nzima ilikuwa imepunguza mwendo, watu wazima wanasali taratibu kama wanaojifunza, mpaka Kassian na wengine wakatua kwenye Amina moja.

Laurencia aliisikia Amina hiyo kifuani. Kule uani Mwanaharusi alipasha chai mara mbili. Hakumlalamikia mtu.

Ulipofika wakati wa matangazo, Laurencia akasimama.

"Mwenyekiti, kabla hujasoma lolote, nina deni lako. Nilikutukana mbele ya watu kwa kosa usilotenda, basi siwezi kukulipa chumbani. Naomba radhi hapa hapa, mbele yao."

Hakueleza zaidi, maana siri ilikuwa ya Kassian. Lakini Kassian mwenyewe aliinua mkono wa kushoto. "Kosa... langu," akasema, na watu wakangoja amalize, kwa kuwa walishazoea.

Happy alimtazama Laurencia, na midomo yake ikawa inapigana na kicheko.

"Deni la Mama Furaha limepokelewa, limefutwa," akasema kwa sauti ileile ya kusomea matangazo. "Tangazo linalofuata."