Tofali la Laini Saba Lililoombewa

Manze, mwaka wa 1998 jirani aliniripoti kwa mwenye ploti ati nafuga jini.

Jini lenyewe lilikuwa tofali.

Nilikuwa nasoma fizikia campus, nakaa mtaa wa Laini Saba kando ya reli. Tofali nililining'iniza kwa springi, chini yake sumaku ya spika, waya hadi kwa kompyuta nzee. Ardhi ikitetemeka, kompyuta inachora.

Siku moja treni ikipita, Mama Adhis wa mlango wa pili akachungulia.

"Yawa! Boaz, mbona tofali linacheza peke yake?"

"Ni utafiti, mama."

"Utafiti gani unaruka?"

Kesho yake Mzee Ndungu, mwenye ploti ninayemlipa kodi, akabisha. "Kijana, Jumapili utoke na hiyo kitu yako."

Nilitetemeka kuliko tofali. Keja ingine ya kupanga ningetoa wapi?

Lakini wiki hiyohiyo, kila jioni nikirudi kutoka campus nakuta kompyuta imechora tofali likitikisika mchana, saa ambazo treni hakuna! Nikafurahi ajabu. Hii ni mitetemeko midogo ya ardhi, nimeigundua mimi! Nikimwonyesha Mzee kwamba ni dunia, ataniacha nikae.

Sasa, programu ya kuchora niliiandika mwenyewe juu ya Linux. Nilikuwa nimempa Musimbi, classmate wangu anayekaa Kawangware 56, mtaa mwingine, pamoja na maandishi yote ya ndani ya hiyo programu. Bure. Asome, arekebishe, ampe mwingine. Naye akaning'iniza tofali lake.

Jumamosi akaja na diski yake, tukalinganisha.

"Boaz, hiyo mitetemeko yako ya mchana, kwangu hakuna hata mmoja."

"Labda tofali lako limelala."

"Wacha zako! Ingekuwa dunia, ingetutikisa sote."

Nilijua nimeshahama.

Mara tofali likaanza kuruka. Tukatoka mbio, tukamkuta Mzee Ndungu amesimama kwa mlango wa Mama Adhis. Ndani, kina mama wa kanisa wanapiga ngoma, wanaruka, wanakanyaga sakafu: "Toka! Toka!"

Walikuwa wanafukuza jini langu. Kila mchana, tangu Mama Adhis aone tofali.

"Hebu simameni kidogo," Mzee akawaambia, akaingia kwangu kuangalia tofali.

Wakasimama, tofali likatulia. Akawaambia waruke tena, likaruka.

"Ngai!" Mzee alicheka hadi akashika ukuta. "Boaz, kaa. Jini ni hawa."

Mama Adhis hakushtuka. "Si mmeona? Linasikia maombi!"

Wasee, ukitengeneza kitu, mpe mwenzako akikague. Ningeificha ile programu, leo ningekuwa yule jamaa aliyetangazia Kenya nzima mtetemeko wa Mama Adhis.