Stelingi Niliyemchagua Mwenyewe

Nimeshajicheka, sasa nichekeni na ninyi. Mimi ndiye ninayetafsiri filamu kwa maiki kwenye banda la video hapa Ujiji, na Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Juzi ikaja filamu ya mwandishi wa habari na waziri. Waziri ana suti, gari na bastola. Nikatangaza, "Huyu ndiye stelingi, shujaa wa filamu!" Mwandishi, maskini, nikamfanya mwizi wa nyaraka za serikali. Banda zima likamshangilia waziri, hata alipolifungia gazeti. Mwishoni polisi wakamtia waziri pingu. Mama Zuhura, muuza dagaa, akasimama: "We mtafsiri, mbona stelingi wetu anakamatwa?"

"Tulia mama, anaota huyo."

Filamu ikaisha palepale, kabla hajaamka.