Siku nilipochora mikono ya wanaume wa Kasulu kwenye ukuta wa baa

Wakuu, mwakeye, ndivyo tunavyosalimiana kwetu.

Mimi ni mtu wa Nyakitonto, Kasulu. Nimeishia la saba, kwa hiyo wakagua herufi mkae nyuma leo. Haya yalinikuta miaka ya sabini, nikiwa kijana mwenye nywele. Sasa nina upara na mjukuu aliyeniwekea hii app. Chumvi nitaitia kwenye kujisifu tu. Mambo yenyewe yalikuwa hivi hivi.

Kazi yangu ilikuwa kuchora mabango. Majina ya maduka, milango ya malori, jogoo kwenye ukuta wa mgahawa.

Nilikuwa na desturi moja: uso nauacha mwisho. Mteja akiona kiatu chake kimefanana analainika, hata pua ukiipinda kidogo anasamehe.

Basi, pale Kasulu mjini kulikuwa na baa ya jamaa mmoja, tumwite Bosi Filimoni. Mbele bia, nyuma vyumba. Na alikuwa na wanawake watatu, watu wazima, wote wametokea Burundi kupitia Mabamba kipindi cha vita.

Alivyowapata sasa. Aliwapokea vizuri, akawalisha, halafu akawaomba zile karatasi zao za ukimbizi awatunzie. Akazifungia kwenye droo. Ufunguo shingoni, kama rozari.

Na enzi hizo bila karatasi huendi popote. Kizuizi cha kwanza tu unashushwa kwenye gari. Kwa hiyo wakabaki. Mbele wanahudumia bia, nyuma wanahudumia wenye bia, na malipo yote yanaishia mkononi kwa Bosi.

Mji mzima ulijua. Mimi pia nilijua, na bia yake nilikunywa. Niseme ukweli.

Filimoni akaniita nimchoree mwanamke kwenye ukuta wa mbele. Awe anacheka, ameshika trei. Ila mbahili yule! Rangi ya mafuta akaikataa, akasema nitumie rangi ya unga, nikoroge na uji wa muhogo.

Nikiwa napima ukuta akaja mmoja wao kufagia, anaitwa Daforoza. Mama yake alikuwa kwenye makazi ya wakimbizi kule Tabora, hawajaonana tangu wapotezane njiani. Akaniangalia ninavyohangaika na kamba yangu, akasema, "Fundi, huo ukuta huwezi kunichorea mlango?"

Nikacheka. Nilikuwa mtu wa kucheka kila kitu.

Nimefika nyumbani, kicheko kimegoma kutoka. Maana yule hakuwa anatania.

Sasa, nilikuwa na makopo ya rangi ya mafuta yaliyobaki kwenye kazi nyingine. Nikamwambia Bosi azungushie turubai, kazi nzuri haitazamwi ikiwa mbichi. Akakubali.

Tabaka la chini nikalichora kwa rangi ya mafuta. Daforoza amesimama, hacheki. Mikono saba imemshika kutoka kila upande, huyu bega, huyu kitenge. Na mkono wa nane, wa Bosi, umeshika karatasi tatu.

Wenye mikono sikuwachora. Ila wakuu, mikono niliichora ikafanana! Mmoja kidole cha shahada kimekatika nusu. Mwingine saa imevaliwa kulia. Mwingine kovu la moto. Kasulu ile, ukiona mkono unajua hadi baba wa mkono.

Ilipokauka nikapaka juu yake yule mwanamke wa Bosi, kwa rangi ya unga na uji wa muhogo kama alivyoagiza. Turubai likatolewa. Anacheka huyo, trei mkononi. Bosi akasema mimi nina akili.

Nikasubiri mvua.

Ikaja mchana, siku ya gulio. Watu wamejibanza kwenye vibaraza upande wa pili, wanatazama ukuta kwa kukosa kazi. Kwanza likashuka tabasamu. Halafu trei. Halafu ukuta ukaanza kuota mikono.

Mama mmoja muuza maharage akasimama kwenye mvua, akasogea, akakitazama kile kidole nusu. Akageuka kumtafuta mumewe. Mume alikuwa ameshaondoka, na gunia la maharage ameliacha.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Bosi akaagiza chokaa, wakapaka. Chokaa juu ya mafuta haishiki, mvua ya kesho yake ikaiondoa. Wakapaka tena. Ikatoka tena.

Mimi nikajiona shujaa. Natembea kifua mbele, nasubiri Daforoza aje anishukuru.

Akaja kweli. Kitenge amejifunika mpaka puani.

Kumbe wake za wale wenye mikono walikuwa wamepita mlangoni kwake siku mbili mfululizo, wanamtukana. Watoto wanamnyooshea kidole. Akaniambia taratibu, wala hakupaza sauti:

"Wao umewachora mikono. Mimi umenichora uso. Sasa nani anaaibika, fundi? Nilikuomba mlango, wewe umenitundika."

 

Kosa lilikuwa la desturi yangu. Uso mwisho, uso mwisho, halafu uso pekee niliouchora ni wa yule asiye na kosa.

Nikamuuliza nifanye nini. Akasema, "Nitoe pale. Halafu umalizie kazi yako."

Kesho yake asubuhi nikapanda ngazi na msasa na mafuta ya taa. Nikausugua uso wake mpaka hakuna. Watu wakajaa. Halafu juu ya kila mkono nikachora duara, saizi ya kichwa. Saba, na la nane la Bosi.

Mtu akauliza hayo mayai ya nini. Nikajibu kwa sauti ya sokoni kwamba kazi haijaisha. Leo naacha yakauke, kesho naweka nyuso.

Kwenye duara moja nikaongeza sikio. Sikio tu. Lilikuwa kubwa, na mjini mwenye sikio lile alikuwa mmoja.

Sijafika chini ya ngazi, mwenye sikio huyu hapa. Ananiita mdogo wangu. Tangu lini? Anauliza kama kuna namna.

Nikamwambia, "Kaka, mimi sina shida. Shida iko kwenye droo ya Filimoni."

Alasiri wenye mikono wote saba walikuwa wameingia kwa Bosi, mmoja mmoja, kwa mlango wa nyuma walioujua vizuri. Waliongea nini sijui. Bosi alipotoka, shingoni ufunguo haupo, mkononi karatasi tatu, kama kwenye picha. Akawapa wenyewe mbele ya watu, anajifanya mkarimu.

Nikamwambia akizidai tena, hata kwa mdomo, ngazi ninayo.

Daforoza aliondoka na lori la mahindi kwenda Tabora. Wenzake wawili wakaelekea Busunzu, Kibondo, kulima. Alipopita hakusema asante, na sikuidai. Aligonga ukuta mara mbili kwa vidole, kama mtu anayebisha hodi, akapanda lori.

Nilichojifunza: ukitaka kusema dhuluma, anza na uso wa anayedhulumu. Yule anayeumizwa muulize kwanza kama anataka kuonekana.

Nyuso sikuziweka. Bosi akaogopa kuubomoa ukuta, maana mji ungeuliza kwa nini. Yale maduara yakakaa pale miaka, yanasubiri. Na kila mwenye lake, akifika pale, anashusha kofia.

Kwa hiyo wadau wa Kasulu, karibuni mcomment. Kama babu yako alikuwa anavuka barabara kila akikaribia ile baa, muulize taratibu. Akikasirika, mwangalie vidole.