Simu ya Mama wa Balozi Mdogo

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka. Nilikuwa kijana, dereva wa balozi mdogo wa Uturuki hapa Dubai. Tukimwita Tahsin Bey, yaani Bwana Tahsin. Kabla ya kuletwa huku alitumikia Dar es Salaam, kwa hiyo Kiswahili alikijua, na ndani ya gari tulipiga soga kama watu wa mtaa mmoja. Nilimpenda yule bwana. Ndiyo maana hasira yangu haijaisha mpaka leo.

Ilikuwa hafla ya sikukuu ya taifa lao, kwenye hoteli moja kubwa. Wanadiplomasia wana desturi yao: mwenyeji husimama mlangoni, wageni wakapita mbele yake mmoja mmoja, naye huwapa mkono na tabasamu. Simu yake hakuiweka mfukoni isije ikamlilia mbele za watu, basi alinipa mimi niishike.

Ikalia. Alikuwa dada yake, kutoka Trabzon, mji wa kwao Uturuki. Mama yao alikuwa amelazwa, na Tahsin Bey alikwisha kuahirisha safari ya kwenda kumwona kwa ajili ya hafla hiyohiyo. Kituruki changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini nilielewa. Mama anamtaka mwanawe, anataka kusikia sauti yake, na muda hakuna.

Nikaikata ile foleni ya mabwana wenye tai, nikamnong'oneza, "Bey, mama anakutaka. Hali yake mbaya."

Akaipokea simu, akaitazama. Mgeni mmoja alikuwa keshanyoosha mkono. Akanirudishia simu, akasema kwa Kiswahili ili wageni wasielewe, "Mwambie asubiri kidogo," kisha akamgeukia yule mgeni na kutabasamu.

Foleni haijamalizika, simu ikalia tena. Safari hii dada yake hakusema neno, alilia tu.

Alipofika kwao mama keshazikwa. Aliporudi, wakubwa zake wakamsifu kwa uzalendo, na haukupita muda akapewa ubalozi kamili katika nchi nyingine. Uzalendo gani huo! Siku ya kuondoka nilimpeleka mimi uwanja wa ndege, tukafika mtaa wa Oud Metha.

"Haji," akaniambia, "yule niliyempa mkono, hata sijui alikuwa nani."

Nilikasirika hata pole ikanishinda kuitoa.

Sasa njoo wewe. Umepata ofisi Jumeirah Lake Towers, nasi tunakufurahia. Lakini juzi mama yako, dada yangu wa tumbo moja, amekupigia kutoka Unguja anaumwa, ukamwambia uko mkutanoni, khalas, basi, utampigia. Hujampigia. Amenipigia mimi, na unajua alitaka nini? Si kukushitaki. Alikuwa anakutetea, kwamba una kazi nyingi, nisikugombeze.

Nitakugombeza. Mama akikuita, toka nje ya huo mkutano ukamwitike, na atakayenuna na anune. Hao mabosi wako ukifa leo, nafasi yako itatangazwa kabla ya arubaini. Usimwambie mama asubiri, kwa sababu atakusubiri kweli, mpaka pumzi ya mwisho.

Mola akupandishe kila cheo unachokitamani, na kila cheo kikufikie mama yako akiwa hai akuombee dua. Amina. Haya, mpigie.