Siku Peder Alipopelekwa Kanisani kwa Mashua

Oddny Bakkejord ndiye mwenye ufunguo wa kizuizi cha barabara ya Nordbukt, chini ya mlima Kvitura. Kazi hiyo, ya kufunga barabara theluji inapotishia kuporomoka, aliirithi kwa baba yake. Majira ya baridi hupanda hadi miti ya mwisho, akachimba shimo kwenye theluji na kuipapasa tabaka kwa tabaka. Si mtu wa maneno mengi.

Machi ile upepo wa bahari ulileta baridi kavu, kisha theluji nzito iliyolowa. Kulipokucha kweupe, ilikuwa siku ya kumzika Peder, mume wa shangazi yake, Halvdis. Kanisa liko upande wa pili wa Kvitura. Jeneza lilishapakiwa garini Oddny alipoteremka, koleo begani.

“Barabara nimeifunga, Shangazi.”

“Na jua lote hili?”

“Jua ndilo linalonitisha, linailegeza theluji. Chini ya theluji mpya kuna punje kama sukari. Nimegonga koleo kidogo tu, bamba zima la theluji likateleza.”

“Peder kapita hapo na kondoo wake maisha yake yote!”

“Alipita peke yake. Leo nyuma yake kuna wajukuu.”

“Kwa hiyo tumweke mpaka mlima wako upone?”

“Tumvushe baharini kwa mashua. Kabla ya barabara, wazee wetu wote walipelekwa kuzikwa hivyo.”

“Peder? Aliyekuwa anatapika mashua ikiwa bado imefungwa?”

Mmoja wetu waombolezaji akacheka, akajizuia. Halvdis alimkazia macho mpwa wake.

“Mlima usiposhuka leo, usinisemeshe tena.”

“Sawa, Shangazi.”

Tukavuka. Mawimbi yalitupiga ubavuni, mchungaji akawa na rangi ya mwani. Sote tulitazama Kvitura, mweupe, umetulia. Nilijikuta natamani uporomoke, Oddny apone midomo ya watu. Haukuporomoka.

Baada ya maziko tulikunywa kahawa ukumbini. Hakuna aliyeketi karibu na Oddny. Halvdis akaja na sahani yake ya mikate, akasimama mbele yake.

“Haujashuka.”

“Haujashuka, Shangazi.”

“Peder njia nzima hakulalamika. Mara yake ya kwanza.” Akaweka sahani mezani. “Na kurudi?”

Oddny aliinamia kikombe. Angeweza kufungua kizuizi. Kila mtu pale angemshukuru.

“Kwa mashua.”

Halvdis alishusha pumzi.

“Basi sogea nikae. Na nikitapika, wewe ndiye utakayenishika.”