Mfua mashuka anayepambana na mabano mawili

Saa mbili asubuhi, chumba cha kufulia cha hospitali kimeshajaa mvuke. Mama Pacha anavuta shuka kutoka kwenye mashine, analikung'uta, analitandaza mezani. Midomo yake inacheza, lakini haimbi.

"Kumi na mbili," ananong'ona. "Mbili na sita. Tatu na nne. Zipi zikijumlishwa zinaleta saba?"

"Profesa kaanza!" anapaza sauti mwenzake wa pasi. Wote wanacheka. Naye anacheka, kicheko cha mtu aliyechoka.

Ana miaka thelathini na sita. Aliacha shule akiwa na mimba ya mabinti wake pacha. Kwa miaka mingi amekuwa akipeleka mashuka wodini huku akiwatazama wauguzi kwa wivu, kwa maana uuguzi ndio anaoutaka. Masomo mengine ya kidato cha nne ameshafaulu kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hesabu ndiyo iliyomgomea.

"Wanakupa eksi ya kipeo cha pili, jumlisha saba eksi, jumlisha kumi na mbili, halafu wanasema vunja, weka kwenye mabano mawili," anasema. "Mimi kuvunja ninakojua ni kwa sahani tu."

Mwalimu wake ni pacha mkubwa, aliyemaliza sekondari mwaka jana. Walikuwa wakisoma jikoni jioni, vyombo vikishaoshwa. Siku moja wakafika kwenye alama za kutoa. Mama akakosea, akarudia, akakosea palepale. Binti akatupa kalamu.

"Mama, mbona huelewi? Hii hata mtoto mdogo anaielewa!"

Mama aliinuka, akaenda kulala.

"Niliumia," anasema. "Shule niliiacha nikiwa nimembeba yeye tumboni."

Asubuhi alimkuta binti macho yamevimba.

"Nisamehe, mama. Nilidhani nikifoka utashika haraka."

"Miguu inaniwaka moto, mwanangu. Nikikaa tu, akili inalala."

Basi wakahamishia somo alfajiri, kabla ya kazi, na binti akapunguza mwendo. Tafuta namba mbili: zikizidishwa zilete ya mwisho, zikijumlishwa zilete ya katikati. Alama usizikimbie.

Siku ya mtihani mama alitoka zamu ya usiku moja kwa moja. Swali la mabano lilikuwemo. Alilifanya, akazidisha mabano tena kuhakikisha, akajikuta anatabasamu peke yake. Kisha usingizi ukamchukua juu ya karatasi. Msimamizi wa mtihani alipomgusa bega, muda ulikuwa unayoyoma.

Matokeo yalitoka mwezi uliopita. Amefeli tena. Aliyelia ni binti.

"Nikamwambia nyamaza, ile ya mabano niliipata. Tukaifanya upya pamoja, ikatoka vilevile."

Atarudia mwakani. Mkuu wake wa kazi ameshamkubalia likizo wiki nzima ya mtihani.

"Kipeo cha pili hakinitishi tena," anasema, akijibwaga juu ya furushi la mashuka na kuvua viatu. "Safari hii nitaingia nikiwa nimeshalala vya kutosha."