Sura Ambayo Bibi Hakusomewa

Muuza karanga wa soko la Kasulu anawasha jiko kwa karatasi za kitabu chakavu, na harufu ile inanirudisha kwenye kambi ya wakimbizi.

Jioni tulipukuchua mahindi huku shangazi akitusomea riwaya za mwandishi mmoja aliyeandika nyingi, zote za watu wa kale walionyang'anywa mashamba. Msomaji hakupukuchua; fungu lake tulimpukuchulia sisi. Bibi, asiyejua herufi hata moja, aliwagombeza wahusika. “Usitie dole gumba hapo, mjinga wee! Hilo shamba la babu yako!”

Kambi ilipofungwa tulikuwa tumebakiza sura moja. Malori ya kuturudisha Burundi yalinguruma, kuni zilikuwa mbichi, nasi watoto tulilia njaa. Shangazi akaichana riwaya, akawasha moto wa uji.

“Ngoja kwanza, mwana wanje, mwanangu,” bibi akamwambia. “Shamba walirudishiwa?”

Shangazi hakuwa ameisoma sura ile. “Walirudishiwa, mama. Lote.”

Bibi alicheka, akapanda lori akitutajia mipaka ya shamba lake mwenyewe, mti kwa mti.

Tulipofika, ndani ya mipaka ile palikuwa na nyumba ya bati. Mwenye nyumba alimletea bibi maji ya kunywa, kwa adabu kabisa, akamuuliza anamtafuta nani.